Damu chooni si bawasiri kila mara, hata kwa askari kijana

KWA miaka mingi kansa ya utumbo mpana ilijulikana kuwa ugonjwa wa watu wa makamo na wazee. Vitabu vya udaktari viliandika hivyo, na hadi leo kijana wa miaka 25 akimwambia muuza dawa kwamba ameona damu chooni, atapewa dawa ya kupaka ya bawasiri au tembe za amiba, kisha aambiwe anywe maji mengi na apunguze pilipili. Aghalabu shauri hilo huwa sawa. Vijana wengi wanaotokwa na damu hawana kansa. Lakini wapo wachache walio nayo, idadi yao imekuwa ikiongezeka katika nchi nyingi, na wengi wao hugunduliwa wakiwa wamechelewa.

Leo, msomaji, tuutazame ugonjwa huu kupitia kundi la vijana ambalo hakuna anayelidhania kuwa na maradhi: wanajeshi. Yeyote aliyewahi kushuhudia usajili wa makuruti humu nchini anajua jinsi vijana wanavyochujwa. Hukimbizwa, hupimwa urefu na uzani, meno hukaguliwa, nyayo hutazamwa, na mwenye kasoro ndogo tu hurudishwa nyumbani akilia. Wanaobaki ni wale wenye miili ya chuma. Hata hivyo hakuna anayetazama ndani ya utumbo, wala isingewezekana kuwafanyia hivyo maelfu ya vijana wasio na dalili yoyote. Kwa hivyo kijana huvaa sare akiwa na cheti cha afya njema, na cheti hicho humfuata kichwani mwake, na vichwani mwa madaktari wake, kwa miaka mingi.

Takwimu nyingi nitakazotaja ni za Marekani. Jeshi la huko huwatibu askari na jamaa zao katika mfumo mmoja wa hospitali, na huweka daftari la wagonjwa wake wa kansa, hivyo mambo yanayojificha kwingineko huonekana waziwazi.

Jinsi inavyoanza

Utumbo mpana una urefu wa takriban mita moja na nusu. Huzunguka tumbo kuanzia upande wa kulia chini, hupanda, hukata kwenda kushoto, kisha huteremka hadi kwenye puru, yaani sehemu ya mwisho kabla ya njia ya haja kubwa. Kazi yake kubwa ni kufyonza maji. Kansa huanza kwenye utando wa ndani, mara nyingi kama kijinyama kidogo kisichouma wala kuwasha. Kijinyama hicho kwa kawaida huchukua kama miaka kumi kabla ya kugeuka kuwa kansa, na vingi havigeuki kabisa. Kikiondolewa mapema, hadithi huishia hapo.

Kwa vijana, kansa hii hupatikana zaidi katika sehemu ya kushoto ya utumbo na katika puru. Jambo hili lina umuhimu mkubwa. Uvimbe ulio upande wa kulia hutoa damu inayochanganyika na kinyesi ikapotea, lakini ulio karibu na mlango hutoa damu nyekundu inayoonekana kwa macho. Kwa maneno mengine, kijana mara nyingi huonyeshwa ishara mapema. Tatizo ni kwamba damu nyekundu ndiyo hiyohiyo inayoletwa na bawasiri.

Tofauti kati ya kugundua mapema na kuchelewa ni kubwa mno. Huko Marekani, mgonjwa ambaye kansa yake bado imo ndani ya utumbo ana nafasi ya takriban 90 katika kila 100 ya kuwa hai baada ya miaka mitano. Ikishafika kwenye ini au mapafu, nafasi hiyo hushuka hadi kama 15 katika kila 100.

Hesabu zinasemaje

Mwaka 2017 watafiti wa Shirika la Kansa la Marekani walionyesha kwamba Mmarekani aliyezaliwa karibu na mwaka 1990 ana hatari mara mbili ya kupata kansa ya utumbo mpana, na mara nne ya kupata kansa ya puru, akilinganishwa na yule aliyezaliwa karibu na 1950 alipokuwa na umri kama wake. Mwaka 1995, wagonjwa wenye umri chini ya miaka 55 walikuwa 11 katika kila 100. Kufikia 2019 walikuwa 20. Ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2024 ilisema kwamba miongoni mwa wanaume walio chini ya miaka 50, kansa hii ndiyo iliyokuwa ikiua wengi zaidi ya kansa nyingine zote. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa ya nne.

Je, wanajeshi wamezidi raia? Hapa nataka msomaji awe makini, maana uvumi ni mwingi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009, uliowalinganisha askari wa Marekani na raia wa rika lao kati ya 1990 na 2004, ulionyesha kwamba miongoni mwa wanaume weupe, kansa ya utumbo mpana na puru ilikuwa chini kidogo jeshini kuliko uraiani. Hilo halishangazi: watu waliochaguliwa kwa afya yao wanatarajiwa kuugua kidogo. La kujifunza ni kwamba mazoezi hupunguza hatari ila hayaiondoi. Mwanajeshi anayekimbia kila alfajiri ni kijana wa kizazi chake pia, na kizazi chake ndicho kinachoandamwa.

Wengi wenu mlimtazama Chadwick Boseman, yule mwigizaji wa filamu ya "Black Panther". Aligunduliwa kuwa na kansa ya utumbo mpana mwaka 2016, ikiwa tayari katika hatua ya tatu, akaaga dunia Agosti 2020 akiwa na umri wa miaka 43. Katika kipindi hicho aliigiza kiongozi wa kikosi cha askari Wamarekani vitani Vietnam, katika filamu iliyotoka 2020. Watazamaji waliona askari shupavu. Hakuna aliyeona mgonjwa.

Kwa nini askari huchelewa

Tuchukue mfano wa koplo wa miaka 29. Si mtu halisi. Nimemuunga kutokana na mambo yanayojirudia kwa wagonjwa wa aina hii. Mwezi Januari yuko porini mazoezini, akila chakula cha pakiti. Chakula hicho cha jeshi la Marekani kimekusudiwa kuliwa peke yake kwa siku zisizozidi 21, na askari wenyewe hutaniana jinsi kinavyofunga tumbo. Koplo anaona damu kwenye karatasi. Mhudumu wa afya wa kikosi anamwambia ni bawasiri kutokana na kufunga choo, anampa dawa ya kupaka. Ni jibu la busara. Anayebeba mzigo mzito mgongoni, akaketi saa nyingi kwenye lori na kunywa maji kidogo juani, hupata bawasiri kweli.

Machi anahamishiwa kambi nyingine, nchi nyingine. Choo kinakuwa chepesi, mara tatu au nne kwa siku. Wenzake wawili nao wanaharisha. Daktari wa pale anampa dawa ya amiba, na wenzake wanapona. Yeye anapata nafuu kidogo, kisha hali inarudi, lakini hasemi tena. Juni, katika mtihani wa mbio za maili mbili, anachelewa kwa dakika nzima. Anadhani ni umri, ama usingizi, ama mawazo ya nyumbani. Agosti anapimwa damu kwa sababu nyingine kabisa, na maabara inaonyesha hemoglobini ya 9. Daktari wa tatu anamwandikia vidonge vya madini ya chuma.

Tazama, msomaji: damu, kuharisha, kuishiwa pumzi, upungufu wa damu. Kila daktari aliona kipande kimoja na akakieleza vizuri. Hakuna aliyeviona vyote vinne pamoja, isipokuwa koplo mwenyewe, naye alikuwa ameshaambiwa mara tatu kwamba si kitu.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis walichunguza kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 5,000 waliopata kansa hii kabla ya miaka 50. Walipata dalili nne zilizojitokeza kati ya miezi mitatu na miaka miwili kabla ya ugonjwa kutambuliwa: maumivu ya tumbo, kutokwa damu njia ya haja kubwa, kuharisha, na upungufu wa damu unaotokana na ukosefu wa madini ya chuma. Dalili moja peke yake ilikaribia kuzidisha hatari mara mbili. Dalili tatu au zaidi ziliizidisha zaidi ya mara sita. Miezi mitatu hadi miaka miwili ni muda mrefu, na ndani yake uvimbe unaweza kutoka nje ya ukuta wa utumbo na kuanza safari ya kwenda kwenye ini.

Upungufu wa damu kwa mwanamume kijana ndio ninaoutilia mkazo zaidi. Mwanamke anaweza kupoteza damu kwa hedhi, ingawa hata kwake jibu hilo hutolewa haraka mno. Mwanamume hana hedhi. Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba mwanamume ana upungufu wa damu hemoglobini ikiwa chini ya 13, na askari mwenye 9 anayekula nyama na maharagwe kila siku anaipoteza damu mahali fulani. Kumpa vidonge vya chuma bila kuuliza damu imekwenda wapi ni kama kujaza maji kwenye tangi lililotoboka. Tangi litajaa kwa muda, mbio zitaimarika kidogo, na hilo ndilo jambo la hatari, kwa kuwa kila mtu ataridhika.

Kuna na jambo la aibu na hofu. Mambo ya haja kubwa hayazungumzwi mezani, na kambini huzungumzwa kwa mizaha tu. Askari huogopa kuteremshwa daraja la afya, akakosa safari ya kikazi au kupandishwa cheo. Waendeshaji matatu na madereva wa malori ya masafa marefu wanaijua hofu hiyo pia, ila kwao huitwa kukosa mkate wa siku. Hivyo kijana huvumilia, kwa sababu kuvumilia ndiko alikofunzwa na ndiko anakosifiwa.

Moshi wa Balad

Kuna swali ambalo familia za askari wa Marekani zimeuliza kwa miaka mingi: je, vita vyenyewe vilileta kansa? Katika kambi za Iraq na Afghanistan, taka zilichomwa katika mashimo ya wazi. Shimo la kambi ya Balad nchini Iraq lilikuwa na eneo la takriban ekari 10, na ndani yake plastiki, rangi, mafuta, betri na taka za hospitali viliteketezwa pamoja usiku na mchana. Askari walilala moshi ukipita juu ya mahema.

Tarehe 10 Agosti 2022, Rais Joe Biden alitia sahihi sheria iitwayo PACT. Kwa mujibu wake, askari aliyetumikia maeneo yaliyotajwa, zikiwemo Iraq, Afghanistan, na hata jirani zetu Somalia na Djibouti katika miaka iliyowekwa, akipata kansa ya njia ya chakula ya aina yoyote, huchukuliwa kuwa aliipata kazini. Halazimiki tena kuthibitisha ni moshi upi ulioingia mwilini mwake. Huhudumiwa na kulipwa fidia.

Naiona sheria hiyo kuwa ya haki, lakini isichukuliwe kuwa jibu la maabara. Sheria imeamua nani abebe mzigo wa shaka, na ikaamua serikali iubebe badala ya mjane. Kwa upande wa sayansi, vijana walioshambuliwa na kansa hii ni pamoja na makarani, walimu na wanafunzi ambao hawajawahi kuona shimo la taka la jeshi. Ni lazima kuna mambo mengine.

Mojawapo lilielezwa mwaka 2025 na watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha California, San Diego. Walisoma vinasaba vya kansa 981 kutoka nchi 11 na kukuta alama za sumu iitwayo kolibaktini, ambayo hutolewa na baadhi ya bakteria wanaoishi tumboni. Alama hizo zilikuwa zaidi ya mara tatu kwa waliougua kabla ya miaka 40 kuliko waliougua baada ya 70, na zilionyesha kuwa uharibifu ulitokea utotoni. Mambo mengine yanajulikana zaidi: unene, sigara, pombe, kuketi muda mrefu, na nyama zilizosindikwa kama soseji. Gramu 50 za nyama hizo kila siku huongeza hatari kwa takriban asilimia 18, kama wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walivyotangaza mwaka 2015. Sigara na pombe zina makao ya kale jeshini.

Kuhusu chakula, deni letu kubwa ni kwa daktari mmoja wa jeshi. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, alitumikia kikosi cha matibabu cha jeshi la Uingereza wakati wa Vita Vikuu vya Pili, akafika hapa Kenya, kisha akafanya kazi Uganda tangu 1946, kwa miaka mingi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Aligundua kwamba magonjwa ya utumbo yaliyojaza wodi za Uingereza, kansa ya utumbo mpana ikiwemo, yalikuwa nadra kwa wagonjwa wake wa Kiafrika. Mwaka 1971 aliandika kwamba sababu kubwa ni makapi katika chakula: nafaka zisizokobolewa, maharagwe, viazi, mboga. Utafiti uliofuata haukukubali kila alichosema, lakini umethibitisha kwamba wala nafaka nzima hupata kansa hii kidogo kuliko wengine. Mji wa leo, wa chipsi, soseji na soda, si ule aliouona Burkitt.

Kipimo chenyewe

Kipimo cha kwanza hakihitaji mtambo. Daktari huvaa glavu na kuingiza kidole kwenye njia ya haja kubwa. Uvimbe ulio chini kwenye puru unaweza kuguswa hivyo kwa dakika moja. Wagonjwa hukikataa na madaktari wenye foleni ndefu hukiruka, na ni hasara kubwa, hasa kwa vile kansa ya vijana hupenda sehemu hiyohiyo. Ukienda kwa daktari kwa ajili ya damu chooni na ukatoka na dawa bila kuguswa, una haki ya kuuliza kwa nini.

Kinachotoa jibu kamili ni kolonoskopi. Mgonjwa hunywa dawa ya kusafisha tumbo siku iliyotangulia, na usiku huo huwa mrefu kuliko kipimo chenyewe. Kesho yake hupewa dawa ya usingizi mwepesi, na mpira mwembamba wenye kamera hupitishwa utumbo mzima. Kijinyama kikionekana hukatwa papo hapo. Kipimo cha maabara cha kutafuta damu iliyojificha kwenye kinyesi ni kizuri kwa asiye na dalili, lakini aliyeiona damu kwa macho yake mara kwa mara asitulizwe nacho.

Nani apimwe? Marekani iliteremsha umri wa kuanza kupima watu wasio na dalili kutoka miaka 50 hadi 45 mnamo Mei 2021. Askari wengi ni wadogo kuliko hapo, kwa hiyo mpango huo hauwafikii. Wao hutegemea dalili. Shauri langu ni hili: damu inayorudi kwa zaidi ya wiki mbili au tatu licha ya dawa, choo kilichobadilika tabia kwa mwezi mzima, kupungua uzani bila kukusudia, au upungufu wa damu usio na maelezo, vyote vinadai kutazamwa ndani, hata kama mgonjwa ana miaka 22. Na anayehamahama kikazi, awe askari au mfanyabiashara, aandike tarehe za dalili zake kwenye kijitabu au simu, amsomee daktari zote kwa mpigo.

Matibabu makuu ni upasuaji. Kulingana na hatua, huongezwa dawa za kemotherapi, na kwa kansa ya puru, miale pia. Kijana aulize mapema juu ya uzazi, maana miale ya nyonga inaweza kuharibu mayai na mbegu, na kuna njia ya kuzihifadhi kabla ya kuanza. Madaktari wengi humpa kijana dawa kali zaidi kwa kudhani mwili wake utazihimili. Uchunguzi katika hospitali za jeshi la Marekani uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba wagonjwa wa miaka 18 hadi 49 walipewa kemotherapi mara mbili hadi nane kuliko wazee, ilhali waliopewa dawa hizo baada ya upasuaji hawakuishi muda mrefu kuliko wazee waliotibiwa hivyohivyo. Wingi wa dawa haukurudisha muda uliopotea kabla ya kipimo.

Neno kwa jamaa za mgonjwa. Karibu mmoja kati ya vijana watano wenye kansa hii amerithi kasoro ya vinasaba kutoka kwa mzazi. Kwa hivyo kijana akigunduliwa, wazazi, ndugu na watoto wake wanapaswa kumweleza daktari. Kanuni inayotumika ni kwamba mtu wa karibu aanze kolonoskopi akiwa na miaka 40, au miaka kumi kabla ya umri ambao jamaa yake aligunduliwa, lolote litakalotangulia. Ndugu wa yule koplo wetu wa miaka 29, kwa hesabu hiyo, angestahili kupimwa akifika miaka 19.